Mtoa huduma wangu wa intaneti anaachia pakiti (vipande vya data) zenye anwani za kughushi, na hataki kusikia

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Miezi miwili iliyopita seva yangu inayobeba tovuti za wateja ilizamishwa na majibu ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) ambayo haikuyaomba. Kuna mtu aliuliza maswali kwenye seva za DNS za watu, akaandika anwani yangu kama ndiyo ya mtumaji. Swali dogo, jibu kubwa, na majibu yote yakamiminika kwangu. Siku nzima tovuti hazikufunguka. Mhusika humpati, maana kwenye logi unaona seva za watu wasiojua lolote.

Nikataka kujua kama laini yangu mwenyewe inaweza kumfanyia mwingine unyama huo. Nikapakua Spoofer, programu iliyoanzia chuo kikuu cha MIT mwaka 2005 kisha ikahamia CAIDA, kituo cha utafiti wa intaneti kule San Diego. Inarusha pakiti zenye anwani za kughushi kwenda kwenye seva yao, halafu wanaangalia zipi zimefika. Nikiwa nyuma ya ruta sikupata jibu la maana, kwa sababu NAT (ruta kubadilisha anwani ya mtumaji kwenye pakiti zinazotoka) huvuruga kipimo. Nikachomoa ruta, nikachomeka kompyuta moja kwa moja kwenye laini, yenye anwani yake ya umma. Zikafika! Hata zile zenye anwani zisizohusiana kabisa na kampuni hii!

Dawa inajulikana tangu Mei 2000, ulipotoka BCP 38, waraka wa mwongozo kwa wenye mitandao ya intaneti: ruta ya mtoa huduma ikague kama anwani ya mtumaji ni ya mteja huyo kweli, kama siyo pakiti itupwe. Ruta zao nyingi zina uwezo huo tayari. Februari 2018 GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, ilipigwa kwa terabiti 1.35 kwa sekunde kwa ughushi huuhuu wa anwani, kupitia seva za memcached, programu ya kuhifadhi data kwa muda. Bado watu hawajashtuka?

Nimefungua tiketi tatu. Ya kwanza nikajibiwa nizime ruta niwashe. Ya pili, eti kasi ya kifurushi changu iko sawa. Nani alilalamikia kasi? Ya tatu nikampata fundi mmoja aliyenielewa, akaniambia wakubwa hawaoni faida, kwa sababu kuchuja hakuwalindi wateja wao, kunawalinda watu wengine. Damu ilinichemka. Huyo mtu mwingine nilikuwa mimi, siku ile simu za wateja zilipoita hadi usiku.

Kipimo hiki hakifanyiki ukiwa nje, lazima awepo mtu ndani ya mtandao wenyewe. Kwa hiyo wenye laini za faiba zenye anwani ya umma, pimeni, muweke matokeo hapa, ya kampuni yoyote ile. Anayekwama kwenye kusakinisha aulize humuhumu, nitamwelekeza.

Tiketi ya tatu wameifunga jana, wakaandika "tatizo limetatuliwa". Nimepima tena leo asubuhi. Bado zinapita.