Rufaa ya asilimia za mgongo na bega: dai la nyongeza, mapitio ya ngazi ya juu, au Bodi?

Mstaafu wa Tacoma
Ndugu zangu mliotumikia jeshi la Marekani, naomba ushauri. Barua ya Idara ya Maveterani (VA) niliyoipokea mwezi wa tatu imenipa asilimia za ulemavu, ambazo ndizo hupanga malipo ya fidia: 20 kwa mgongo na 10 kwa bega la kulia, na mkono wa kulia ndio ninaoutegemea. Daktari aliyenipima alikadiria kwa macho tu, bila kifaa cha kupimia pembe, wala hakuniuliza habari za siku zile ambazo mgongo hukaza hadi mke wangu akanivalisha soksi. Katika njia tatu zilizopo tangu Februari 2019, nishike ipi?

Karani Mstaafu
Pole sana, ndugu yangu. Tazama kwanza uamuzi wako una kasoro gani. Ikiwa ushahidi ulikuwemo jaladani ukasomwa vibaya, omba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996: afisa mwandamizi hulisoma jalada upya, na unaweza kuomba kuzungumza naye kwa simu umwonyeshe kosa lilipo, ila hapokei ushahidi mpya hata karatasi moja. Ikiwa ushahidi ulipungua, peleka dai la nyongeza, lenye ushahidi mpya, kwa fomu 20-0995. Bodi ya Rufaa za Maveterani ina majaji wake, lakini foleni yake ni ndefu, hasa kwa anayetaka kusikilizwa. Mimi ningeiweka akiba. Njia yoyote utakayoshika, usivuke mwaka mmodi tangu tarehe ya barua, la sivyo utapoteza tarehe yako ya kuanzia malipo.

Bin Pwani
Mimi ningeanza na mapitio. Kanuni zinataka kifaa kitumike, kwa hiyo afisa akiona kosa hilo ataagiza upimwe upya.

Dada Muuguzi
Ataliona wapi, kaka? Ripoti nyingi huandika nyuzi za pembe kana kwamba zimepimwa, na maelezo ya Mstaafu kwamba kifaa hakikutumika, kama hayamo jaladani, ni ushahidi mpya ambao afisa huyo haruhusiwi kuupokea.

Mstaafu, zitazame namba zenyewe. Mgongo wa chini ukiinama mbele kupita nyuzi 30 bila kuvuka 60, ni asilimia 20. Ukiishia 30 au chini yake, ni 40. Mkono wako wa kulia, ukiuinua, ukikomea usawa wa bega ni 20, na ukikomea katikati ya ubavu na bega ni 30. Tena, katika kesi ya Sharp ya mwaka 2017, mahakama ya rufaa za maveterani ilisema mpimaji hawezi kukwepa kukadiria hali ya siku za maumivu makali kwa sababu tu hakumpima mgonjwa siku hiyo. Basi daktari wako akupime kwa kifaa, aandike nyuzi za siku ya kawaida na makadirio ya siku mbaya, na mkeo aandike anayoyaona kwa macho yake, hizo soksi zikiwemo. Je, maumivu hushuka mguuni? Neva inayoleta maumivu hayo hupewa asilimia yake peke yake.

Mstaafu wa Tacoma
Ahsanteni. Nimeisoma ripoti upya: imeandikwa nyuzi 55, na kuhusu kifaa haikutaja neno. Nitapeleka dai la nyongeza. Na ndiyo, dada, maumivu hushuka mguu wa kushoto hadi kwenye kisigino; sikujua kwamba ni jambo la kudai.

Dada Muuguzi
Lidai, kaka, na umwambie daktari alitaje tatizo hilo la neva kwa jina.