Mrejesho: nimerudi Lamu salama kutoka kwenye baridi ya Toronto

Asalamu aleikum ndugu zangu. Niliwauliza nivaeje Januari, naenda Toronto kumwangalia dada yangu aliyejifungua, nami sweta sijawahi kuvaa. Mkaniambia nguo nyembamba kadhaa zipandane, si koti moja zito. Mlisema kweli.

Siku ya kwanza nilivaa fulana ya pamba ndani. Nikaenda mbio mbio, jasho likanitoka, pamba ikalowa. Niliposimama kungoja basi, mgongo wote ukawa baridi tupu. Kesho yake nikavaa fulana ya sufu, juu sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Nyuzi 12 chini ya sifuri, na nilistahimili.

Miguu ndiyo iliyonitesa. Nilivaa soksi jozi tatu, buti likabana, vidole vikafa ganzi. Jozi moja nene na buti lenye nafasi, basi. Buibui nililipandisha pindo, maana likiburura kwenye theluji linalowa.

Dada uliyenielekeza kwenye mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, Mungu akuzidishie. Koti lile ninalo hapa mtaa wa Langoni, Lamu. Mwenye safari ya baridi aje alichukue.