Tupeane uzoefu: rola ya sponji kabla ya mazoezi kwa tuliovuka miaka 60

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Hapa Tabora baridi ya asubuhi za Juni na Julai hukaza magoti na vigimbi kiasi kwamba mtu hushuka kitandani akishika ukuta, na ndiyo maana mwalimu wa kikundi chetu cha mazoezi ameanza kutupasha misuli kwa rola ya sponji, yaani gogo la mviringo la sponji la kuviringisha juu ya misuli, kabla hatujatembea. Rola hupitishwa taratibu kwenye msuli kwa nusu dakika hadi dakika moja, kuanzia vigimbi hadi mapaja, bila kugusa maungio wala kiuno. Mimi nimeona nafuu kwenye vifundo vya miguu, kwani sasa nachuchumaa bila kile kikazo cha mwanzo. Lakini wepesi huo hudumu kwa dakika chache tu, hivyo anayemaliza na kukaa kupiga soga huwa ameupoteza. Isitoshe, rola peke yake haiupashi mwili joto. Sisi tukishaiweka kando hutembea polepole chini ya miembe, tukiongeza mwendo kidogo kidogo hadi pumzi ibadilike. Naomba kusikia kwenu, hasa mnaopata tabu kulala chini na kuinuka.

Mama wa Ujiji: Nina miaka 68 na sishuki sakafuni kabisa. Nakaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, nyayo zote mbili zikiwa chini, kisha nauchukua mti wa kusukumia chapati na kuupitisha juu ya paja kwa mikono miwili, kutoka juu kidogo ya goti kuelekea nyonga, huku nikipumua kama kawaida. Nikifika panapouma natulia hapo kwa pumzi tatu au nne, bila kukandamiza. Kwa mgongo wa juu nasimama, naibana rola kati yangu na ukuta, halafu nakunja magoti kidogo na kunyooka, binti yangu akiwa karibu. Tangu nianze, mwinuko wa kutoka ziwani naupanda bila kusimama njiani kunyoosha vigimbi.

Mzee wa Mwanga, Kigoma: Wenye kisukari kama mimi tuwe waangalifu. Nyayo zangu zina ganzi, na muuguzi alinieleza kwamba asiyehisi maumivu hawezi kujua kama amejikandamiza kupita kiasi, kwa hiyo mimi hupasha kwa kuinua visigino nikiwa nimeshika meza. Mwenye mifupa dhaifu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, usisuguliwe hata kidogo. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hapo ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kijana wa Nzega: Shikamooni. Nataka kumnunulia baba. Nichukue laini au ngumu?

Mwanzisha mada: Marahaba, mwanangu. Chukua laini, yenye uso usio na vinundu. Ile ngumu iliwaumiza wenzetu wawili wembamba, na mwalimu aliiondoa.