Anatapika alfajiri, mchana anadai uji: safari hii nimwambie nini daktari?

Mama Zai wa Muheza

Habari za jioni wakina mama na wakina baba. Mtoto yuko mgongoni kalala, mkono mmoja ndio unaoandika, nikiruka herufi mtanisamehe.

Binti yangu ana mwaka 1 na miezi 10. Tangu Juni ametapika mara 5, na sisemi kucheua, nasema kutapika. Inaanza alfajiri kabla sijawasha jiko. Anaamka kimya, halii, ananilalia begani kama kanga iliyotoka kufuliwa, mara inakuja ya kwanza. Baada ya hapo kila robo saa. Chakula kikiisha yanatoka maji, maji yakiisha anajikamua tu yanatoka mate. Haharishi. Mwili hauna joto. Saa sita au saba mchana anapitiwa na usingizi, akiamka anadai uji, na jioni anakimbiza kuku wa jirani. Ukimwona jioni utasema mama yake mzushi.

Na huko kuonekana mzushi ndiko kunakoniumiza. Mpaka nipate boda, nipange foleni, nitafutiwe faili, nikimfikia daktari ni saa nane na mtoto anacheka na watu. Mara ya kwanza kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Ya pili nikaambiwa taifodi. Ya tatu mkojo mchafu, dozi ya siku 7, nikaimaliza bila kuruka hata kijiko, siku ya 12 akatapika tena. Ya nne aliyetupokea hakuinua hata macho kwenye karatasi: "Mama, watoto wanatapika." Ya tano sikwenda.

Nyumbani nako kila mtu ni mganga. Mama mkwe kapiga simu kutoka Lushoto, anasema kimeo. Jirani kamulika fizi za mtoto kwa tochi ya simu, anasema meno ya plastiki. Shangazi anasema zongo, kwa kuwa namlishia kibarazani wapita njia wakimwona. Baba Zai yuko na lori la machungwa njia ya Horohoro, kila akipiga simu neno ni moja, "Umempeleka?", kama vile nimekaa nakunja miguu.

Kuna mwenye mtoto wa namna hii? Na nikienda tena niseme nini nisirudishwe na chupa nyingine ya dawa? Chupa ninazo 6 pale dirishani.

Shoga wa Chumbageni

Pole shoga yangu. Mie wangu alikuwa hivyohivyo, anakohoa na kutapika, tukampeleka kwa bibi mmoja akamkata kimeo, siku 3 kwisha habari. Hospitali watakuzungusha tu. Na zongo usidharau, chukua chumvi na pilipili kavu, mzungushie kichwani mara 7, tia motoni. Haina gharama.

Baba Kulwa na Doto

Dada wa Chumbageni, shikamoo kama umenizidi, lakini hilo la kimeo naomba nilipinge mbele ya watu wote.

Mimi nina mapacha. Wakiwa na mwaka mmoja na nusu walishikwa wote wawili na kikohozi, usiku wakikohoa mpaka wanatapika. Mama yangu akamwita mzee mmoja. Alikuja na kisu kidogo kilichopinda kama mundu, amekifunga kwenye kitambaa ambacho nikikikumbuka mpaka leo nasikia kichefuchefu. Akaanza na Kulwa. Mimi ndiye niliyemshika kichwa mwanangu, mikono yangu hii. Kikakatwa, kikabandikwa ukutani kama ndio ushahidi. Doto tukasema tumsubirie kesho.

Kesho haikufika. Kulwa alikuwa anameza damu usiku kucha na sisi hatujui, alfajiri akatapika nyeusi kama majivu ya mkaa yaliyolowa. Tulimkimbiza akaongezewa damu. Daktari aliniambia kila binadamu ana kimeo, hata yeye anacho, akafungua kinywa nikione. Sasa sikiliza hili: Doto ambaye hakukatwa kikohozi chake kilikwisha wiki ileile, siku ileile na cha mwenzake. Hapo ndipo nilipojua kuwa tumemchinja mtoto bure. Hata wako, dada yangu, zile siku 3 huenda angepona tu.

Na hayo meno ya plastiki ni meno ya kweli. Ni chonge zinazotafuta njia ya kutoka, fizi inavimba na kuwa nyeupe. Wakichokonoa pale wanang'oa jino la mtoto kabla halijazaliwa, na vidonda na maambukizi juu. Mama Zai, mtu yeyote asimguse huyo mtoto kinywani.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Mama Zai, pole sana mdogo wangu. Mimi ni tabibu, nina miaka 14 kazini, lakini mtoto sijamwona kwa hiyo sitampa ugonjwa jina. Nijibu haya kwanza. Matapishi yana rangi gani? Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unapanda au umelala? Anatembea vizuri, hayumbi? Zile siku za kutapika anakojoa? Na usiku wa kuamkia siku hizo alikula nini, saa ngapi? Hilo la mwisho usilipite haraka.

Ila kuna mambo ambayo ukiyaona hungojei jibu langu wala la mtu mwingine. Matapishi yakiwa ya kijani kabisa kama maji ya mchicha, au yana damu. Tumbo likivimba na kuwa gumu. Choo kikitoka na damu na ute. Akiwa analia anajikunja, ananyamaza, analia tena. Akiyumba, akianza kengeza, akishika kichwa kila akiamka. Degedege. Akilegea hata ukimwita hakutazami, au saa 6 zimepita hajakojoa. Hapo ni hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na jiulize kama kuna mafuta ya taa, dawa za wakubwa au sumu ya panya mahali anapofika. Watoto wa umri huo hawana mwiko.

Anapotapika usimnyweshe kikombe kizima kwa huruma, kitarudi chote. Chumvichumvi ya pakiti (ORS, si chumvi ya jikoni) pakiti 1 kwenye maji safi lita 1, mpe kijiko cha chai, subiri dakika moja au mbili, kijiko kingine. Akitapika pumzika dakika 10 uanze upya polepole. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Zile chupa 6 soma vibandiko. Kama kuna yenye prometazini, ile inayowasinzisha, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Weka pembeni.

Na kosa la safari zako (silo lako wewe, ni la mwendo wa huko unakopita) ni kwamba unafika na mtoto aliyepona. Kitu kinachotokea alfajiri kinapimwa alfajiri. Safari ijayo mpeleke wakati anatapika, na umrekodi video.

Mama Zai wa Muheza

Asante sana kaka tabibu. Baba Kulwa, nimesoma mara mbili, mama mkwe nimemsomea kwenye simu, amenyamaza kidogo halafu akauliza hali ya mapacha.

Majibu: rangi ni nyeupe, mwisho njano nyepesi, kijani sijaona. Anatembea kama askari. Anakojoa, ila kidogo na mkojo mkali. Uzito unapanda kidogokidogo, ni mwembamba kama baba yake.

Hilo la kula usiku limenifanya nifukue. Mimi ni fundi cherehani, na kila kitu changu nakiandika kwenye daftari la vipimo. Siku Zai akitapika niliandika pembeni, palepale kwenye ukurasa wa mteja. Basi nimekaa nalo jana usiku. Tarehe 14 Juni nina sare 11 za kamati ya harusi, kifua, kiuno, nyonga, na pembeni: "Z. katapika." Usiku ule nilishona mpaka saa saba. Zai alisinzia kwenye vitambaa chini ya meza saa kumi na mbili jioni na sikumwamsha ale, nikasema mwache apumzike. Julai mara mbili, zote ni wiki za sare za shule. Agosti tulitoka Korogwe kwa basi, likaharibika njiani, tukafika usiku amelala. Ya tano alikuwa na mafua, akakataa wali.

Mara zote 5 alilala na njaa. Nimelia, kaka.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Usilie. Mtoto kukosa chakula cha usiku mmoja si ukatili, nusu ya watoto wa mtaa huu hulala hivyo na wanaamka wakidai chai. Lakini wapo wachache, hasa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka 5, na hasa wembamba, ambao akiba yao ya sukari mwilini ni ndogo. Usiku mrefu bila kula, sukari ya damu inashuka, mwili unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa yanatoa kitu kinaitwa ketoni, nayo huleta kichefuchefu. Anatapika, kwa hiyo hali, kwa hiyo sukari inazidi kushuka. Sisemi Zai ndiye huyo. Kuna watoto wanaotapika kwa vipindi kwa sababu nyingine kabisa, wengine wana asili ya kipandauso kwenye ukoo. Lakini swali lako la mwanzo sasa lina jibu. Ukifika sema hivi: "Naomba apimwe sukari ya damu sasa hivi anapotapika, kabla ya dripu, na mkojo upimwe ketoni." Kipimo cha sukari ni tone moja la kidole, hakichukui dakika. Wakipima baada ya kumpa dripu ya sukari umekosa tena.

Na daftari uende nalo.

Njiani, kama yuko macho na anameza, vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye kikombe cha maji cha mililita 200, umpe kidogokidogo. Kama hajitambui usimtie chochote kinywani. Najua nimesema apimwe kabla ya sukari, lakini akianza kulegea mpe, kipimo baadaye, mtoto kwanza.

Mama Zai wa Muheza

Wiki 3 zimepita, narudi kama nilivyoahidi.

Chakula cha usiku sikukiacha tena. Juzi Jumanne mafua yakarudi, akakataa kila kitu, hata ndizi. Nikajua. Kijana wa boda nilishamwambia tangu jioni asizime simu. Saa kumi na nusu akaanza. Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa mapokezi, Zai anatapika kwenye beseni langu la kijani, hakuna wa kuniambia naigiza. Nikasema maneno ya tabibu kama nilivyoyakariri njiani. Daktari wa zamu, msichana mdogo, nilidhani atakasirika kwa kufundishwa kazi. Akanitazama, akasema, "Nani kakwambia?" huku tayari anashika kidole cha mtoto.

Sukari 2.3, iko chini sana. Akarudia kidole kingine, 2.2. Mkojo ukatoka na ketoni nyingi. Malaria hakuna. Wakamwekea dripu yenye sukari, na haikupita nusu saa Zai akainua kichwa, akaona pochi ya nesi, akaitaka.

Nilimpa daktari daftari. Alilisoma lote, mpaka viuno vya watu. Akaandika tarehe zangu 5 kwenye faili, akatuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa watoto Tanga mjini, wachukue damu waangalie ini na homoni, kwa sababu anasema sukari kushuka kuna sababu nyingi na hataki kubahatisha. Kama ni hii ya kukosa akiba, wengi hukua wakaiacha, wakifika miaka 8 au 9 imeshasahaulika. Kwa sasa ni uji wa karanga saa nne usiku, namwamsha hata akinuna, na asubuhi hakai muda mrefu bila kula. Akiugua chochote, maji ya sukari na njia ya hospitali mapema.

Miadi ni tarehe 9. Baba Zai ameomba ruhusa, atakuja na lori likiwa tupu.

Shoga wa Chumbageni, sitakuficha, chumvi na pilipili niliwahi kuzungusha wiki ile ya kwanza. Zilipopasuka motoni tulikohoa wote nyumba nzima, kuku wakatoka mbio.

Shoga wa Chumbageni

Hahaha! Pilipili ulitia nyingi, shoga. Mungu amponye. Na wewe Baba Kulwa, marahaba, maana nimekuzidi.