"Shule jumuishi" ukutani, ndani mtoto mwenye usonji anachapwa kwa kuziba masikio!

Wakuu salaam. Nina hasira, mnivumilie.

Mwanangu yuko darasa la pili, shule ya msingi ya serikali hapa Dar. Ana usonji (autism), na karatasi za hospitali wanazo tangu siku ya kumwandikisha. Kengele yao ni rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mwarobaini nje ya dirisha la darasa lake. Ikigongwa tu, dogo anaziba masikio na kujikunja chini ya dawati. Nikaomba waihamishe, basi. Jibu: "Mama, hatuwezi kubadilisha shule kwa ajili ya mtoto mmoja." Kuhamisha rimu ndiyo kubadilisha shule?

Juzi mwalimu wa zamu kamchapa, eti kaitwa akajifanya hasikii. Kanuni za viboko za 2002 ziko wazi: anachapa mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Nimeomba kukiona hicho kitabu, naambiwa aliyekaa na ufunguo wa kabati hayupo.

Mwalimu wake wa darasa simlaumu sana, watoto wamejaa hadi sakafuni na usonji hajawahi kufundishwa popote. Ila chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, si wanatoa walimu wa elimu maalumu? Wanapangiwa wapi? Mmoja ninayemfahamu anafundisha Kiswahili darasa la saba, darasani kwake hana hata mtoto mmoja mwenye ulemavu.

Na msiniambie haiwezekani. Alikuwepo binti wa kujitolea, akamchorea ratiba ya siku kwa picha: uji, hesabu, kucheza, nyumbani. Kila kipindi kikiisha mtoto anageuza picha mwenyewe, anajua kinachofuata. Alitulia, akaanza na kuandika jina lake. Binti alipoondoka, picha zikabanduliwa ili ukuta upakwe rangi, wageni wanakuja Aprili 2, siku ya usonji duniani. Wakapiga naye picha hao, wamevaa fulana za bluu!

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na kusaidiwa na mwalimu mwenye sifa. Wao wananishauri "nimpumzishe nyumbani kwanza".

Simpumzishi. Kwa afisa elimu kata nimeshafika, anasema niyamalize na mwalimu mkuu. Aliyewahi kupeleka malalamiko halmashauri, barua naiandika kwa mkurugenzi moja kwa moja au inapitia kwa afisa elimu maalumu? Na picha za alama za fimbo niambatanishe, au lazima nianze na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu?