Nikirudi chuo, pesa ya soshali inakatwa au inaendelea?

Kutoka: Binti Pangani, Limerick

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Najua swali kama hili limeshapita humu ila majibu ya zamani kila nikiyasoma nazidi kuvurugwa kwa hiyo naombeni mnivumilie.

Niko Ireland mwaka wa sita, nimefanya kazi muda wote huo bila kukatika, kwanza nyumba ya wazee halafu miaka mitatu ya mwisho hotelini, upande wa vyumba. Mwezi wa pili mwaka huu 2025 hoteli ikafungwa, tukaambiwa asanteni sana, na tangu tarehe 17 nipo kwenye Jobseeker's Benefit, posho ya aliyepoteza kazi. Sasa Mungu si Athumani, niliomba chuo kupitia mlango wa watu wazima, ule wa miaka 23 na kuendelea, nikapata. Digrii ya ustawi wa jamii, levo 8 kwa ngazi za elimu za hapa, miaka minne, inaanza Septemba 15.

Nilivyoenda kuuliza kuhusu posho, dada wa dirishani akaniambia ukiwa mwanafunzi wa kutwa basi hauko tayari kwa kazi, posho inasimama. Nikatoka hapo miguu haina nguvu. Wiki iliyofuata nikarudi nikamkuta kaka mwingine, huyu akasema hapana, kuna Back to Education Allowance, BTEA, posho ya wanaorudi masomoni, utajaza fomu. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, akakunja uso, akasema sina hakika kama siku zako zinatosha. Siku zipi? Hakusema, nyuma yangu kulikuwa na foleni mpaka mlangoni.

Wifi yangu aliyeko Dublin anasema niachane na chuo nitafute kazi nyingine ya usafi, nisije nikakosa mwana na maji ya moto. Nyumba naishi kwa HAP, ule msaada wa serikali wa kodi ya nyumba, na Pangani kuna mama anasubiri chochote kila mwisho wa mwezi. Aliyepita njia hii anieleze taratibu kama anamweleza mtoto.

Kutoka: Mzee wa Ng'ambo, Dublin

Marahaba binti. Hao wawili wote wamesema kweli, ila kila mmoja kakupa nusu.

Jobseeker's ni pesa ya mtu anayetafuta kazi na aliye tayari kuianza hata kesho. Ukikaa darasani kutwa Jumatatu mpaka Ijumaa huwezi kusema uko tayari, kwa hiyo ile inasimama, hilo halina mjadala. BTEA ndiyo inakuja kukaa mahali pake. Kiwango chake kinafuata ile posho uliyokuwa unapata, na kwa mwaka huu wa 2025 Jobseeker's ya juu kabisa kwa mtu mmoja ni euro 244 kwa wiki. Lakini haiji yenyewe, unaiomba kabla kozi haijaanza na afisa wako Intreo, hiyo ofisi ya posho unayoendea, lazima akubali. Kuna watu wameanza chuo kwanza ndipo wakaomba, mpaka leo wanahadithia.

Sasa siku. Kozi za ngazi ya sekondari na zile za PLC, za baada ya sekondari kabla ya chuo kikuu, wanataka uwe umekaa kwenye posho siku 78. Kozi za chuo kama yako wanataka 234. Wiki kwao ina siku 6, Jumapili haimo, kwa hiyo 78 ni wiki 13 na 234 ni wiki 39. Toka Februari 17 mpaka Septemba 15 nimekuhesabia kwenye kalenda ya ukutani hapa, ni wiki 30 kamili. Siku 180. Umepungukiwa siku 54 mwanangu, ndiyo maana yule kaka alikunja uso.

Ushauri wangu, uliza chuo kama watakuwekea nafasi mpaka mwakani, au uanze na PLC ya mwaka mmoja, hiyo siku zako zinatosha kabisa.

Kutoka: Msee wa Cork

Aki mzee hapo kwa PLC umemvunja moyo msichana wa watu, lakini hesabu ni hesabu.

Binti kuna kitu ingine hujaulizwa na watakuuliza. Ulisoma nini nyumbani? Mimi nilikuja hapa na digrii yangu ya biashara kutoka Kenya, hiyo karatasi nilikuwa nimeilaminate nikaitundika sebuleni kama picha ya rais. Nikaipeleka NARIC, wale wa QQI wanaolinganisha vyeti vya nje na levo za hapa, ikarudi imeandikwa iko sawa na levo 8. Nilifurahi vibaya, nikapiga picha nikatuma mpaka kwa grupu ya ukoo, mjomba akachangisha soda. Miaka miwili baadaye nikapoteza kazi, nikasema wacha nisome mambo ya kompyuta, digrii, levo 8. Siku nilikuwa nazo, zaidi hata ya 234. Afisa akaangalia ile barua yangu ya NARIC niliyompelekea mwenyewe kwa mbwembwe akaniambia, hii posho ni ya mtu anayepanda ngazi, wewe levo 8 uko nayo tayari, sasa unapanda wapi? Nikabaki nimeshika karatasi.

Masters nayo kwa kawaida hailipiwi na BTEA. Kilichoniokoa ni Higher Diploma, ile ya mtu mwenye digrii anayebadilisha laini ya kazi. Ni levo 8 ileile lakini hiyo wameiachia mlango wake, pamoja na masters ya ualimu. Nikaingia hapo, na leo nakula mkate wa kompyuta. So binti, sema una karatasi gani.

Kutoka: Binti Pangani, Limerick

Asanteni. Mzee hizo siku 54 zimenikosesha usingizi. Kwa nyumbani nina cheti cha ualimu Grade A tu, miaka miwili chuoni, nikafundisha darasa la tatu kabla ya kuja huku. Kinaweza kunizuia na chenyewe?

Kutoka: Mpwa, Athlone

Kwani lazima useme una cheti? Andika umeishia fomu foo, nani atafunga safari mpaka Tanga kuuliza.

Kutoka: Mzee wa Ng'ambo, Dublin

Mpwa acha kumpoteza mwenzio. Ile fomu inauliza masomo yako yote na chini unaweka sahihi. Wakija kugundua ukiwa mwaka wa tatu wanadai pesa yote waliyokulipa toka siku ya kwanza, na wana subira hao, watakukata kidogo kidogo mpaka ustaafu. Halafu huyu binti hata hana la kuficha, cheti cha miaka miwili na digrii ni mbingu na ardhi, anapanda ngazi waziwazi. Apeleke cheti na tafsiri yake kama kipo kwa Kiswahili, basi.

Kutoka: Mama Mapacha, Galway

Hamjambo nyote. Nimesoma hii thread nikiwa kazini break ya chai na kuna swali moja naona wanaume wote mmeliruka. Binti, hoteli ilipofungwa, walikulipa redandansi, malipo ya kupunguzwa kazi? Si ile zawadi ya kuagana, nasema ile ya kisheria, ambayo mtu lazima awe amefanya miaka miwili kwa mwajiri mmoja. Kama walikulipa hiyo basi mambo ya siku 234 achana nayo. Aliyepewa redandansi ya kisheria anaweza kuingia BTEA bila kungoja zile siku, bora tu awe ameshakubaliwa posho kabla kozi ianze, na wewe uko nayo.

Najua sababu dadangu ilimpata hivyo kiwanda kilipofunga, na yeye pia alikuwa ameambiwa angoje mwaka.

Na kwa akina mama wenzangu mnaolea peke yenu mnaosoma kimyakimya, nyinyi mambo yenu ni tofauti. Ukiwa kwenye One-Parent Family Payment una chaguo. Unaweza kuhamia BTEA, SUSI, wale wa ruzuku ya serikali kwa wanafunzi, wakulipie ada lakini pesa ya kujikimu ya SUSI hupati, au unabaki na One-Parent yako hiyohiyo na unaomba SUSI ada pamoja na pesa ya kujikimu. Mimi nilibaki. Nilikaa chini usiku mmoja na kalamu, mapacha wamelala, nikaona kubaki kunanifaa zaidi. Wengine inawafaa kuhama, inategemea umri wa mtoto pia, sababu One-Parent inaisha mtoto wako wa mwisho akifika miaka 7. Piga hesabu yako usinakili yangu. Na wanaomtunza mgonjwa kwa Carer's Allowance, hao wana kipimo chao, masomo yasizidi saa 18 na nusu kwa wiki.

Kutoka: Binti Pangani, Limerick

Mama Mapacha!! Nimeruka kitandani. Nina kopo la biskuti naweka humo pasipoti na karatasi zote za maana, nimelimwaga lote juu ya godoro. Kuna bahasha ya kaki kutoka kwa mwajiri sikuwahi hata kuisoma vizuri, nilivyoona pesa imeingia nikajua ni mshahara wa mwisho na likizo. Imeandikwa statutory redundancy, miaka 3, wiki 7. Wiki mbili kwa kila mwaka na moja ya juu, ndiyo hiyo eti?

Kutoka: Mama Mapacha, Galway

Ndiyo hiyo. Piga kopi mbili, orijino usimwachie mtu.

Kutoka: Mzee wa Ng'ambo, Dublin

Nimeshindwa na nakubali. Miaka kumi na saba nawajibu watu humu na hilo la redandansi limenipita. Mama Mapacha nikikukuta Idi nitakutengea sahani ya mbele.

Binti sikiliza, usiende na maneno, nenda na karatasi. Barua ya chuo yenye jina la kozi, levo, kwamba ni ya kutwa na kwamba unaanza mwaka wa kwanza. Hiyo bahasha. Cheti. Fomu inaitwa BTE 1. Ukimkuta yule dada wa dirishani usibishane naye, mwombe tu akupangie miadi na afisa wa kesi yako. Akikataa kwa mdomo mwambie unaomba jibu kwa maandishi, hapo huwa wanasoma upya. Na kama unaona unazungushwa, pale Citizens Information wanasaidia bure na wanajua hizi kanuni kuliko sisi wote.

Kutoka: Ya Goma, Waterford

Jambo bandugu na badada. Miye niliomba kusaidiwa karo ya chuo mwaka wa nyuma, bakanikatalia, si juu ya masomo, juu ya kibali. Niko na Stamp 4, kibali cha kukaa, yenye ilitoka kwa kazi. SUSI inaangalia kibali ni cha aina gani, mkimbizi iko sawa, raia iko sawa, bibi ao bwana ya raia iko sawa, lakini Stamp 4 yenye ilitoka kwa kazi haimo kwa liste. Dada angalia ile mbele, juu posho na karo ni mambo mbili, unaweza pata moja ukose ingine.

Kutoka: Binti Pangani, Limerick

Asante kaka wa Goma, mimi uraia nilipata mwaka jana, Alhamdulillah. Pole sana kwa hilo.

Kutoka: Msee wa Cork

Ya Goma kama hauna kazi sasa hivi, angalia Springboard+, kozi za chuo zinazogharamiwa na serikali, mtu asiye na kazi halipi ada huko, lakini uliza kwanza kama kibali chako kinakubaliwa. Nyingi ni za jioni ama online, na za part-time unaweza kuendelea na Jobseeker's bora ubaki tayari kwa kazi na uwaambie.

Kutoka: Binti Pangani, Limerick

Salamu tena ndugu zangu, narudi na mrejesho kama mlivyoniambia.

Nilienda na bahasha zangu. Nikamkuta dada yuleyule wa mwanzo, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, nikaomba miadi. Afisa akaisoma barua ya redandansi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akaingia ndani kumuuliza mkubwa wake. Nilikaa pale naangalia kikombe chake cha chai kinapoa na utando unajikunja juu. Akarudi akasema, kwa nini hukusema mapema? Nikasema hamkuniuliza. Kwa kweli hata mimi nilikuwa sijui, ila hilo sikumwambia.

Barua imekuja jana. Nimekubaliwa, inaanza wiki ya chuo kufunguliwa. Kwa watakaosoma baadaye, haya niliambiwa: kiangazi kati ya mwaka na mwaka BTEA inasimama kwa sisi tuliotoka Jobseeker's, kwa hiyo mwezi wa tano au wa sita narudi kusaini tena kama kawaida na natakiwa nitafute kazi kweli. Wikiendi naruhusiwa kufanya kazi chache na posho haiguswi. SUSI wanalipa ule mchango wa chuo, kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni euro 2,500, ila pesa ya kujikimu hapana kwa sababu tayari nina BTEA. Ile nyongeza ya BTEA ya euro 500 kwa mwaka, ya gharama za masomo, ni ya wenye watoto tu, mimi simo. Watu wa HAP nimewaandikia kuwajulisha, kodi haijabadilika mpaka sasa.

Wifi amepiga simu anasema eti yeye ndiye aliyenitia moyo.

Sasa naombeni jingine. Wamenitumia orodha ya vifaa na kuna laptopu, na bei za dukani nimeziona nikafunga macho. Kuna mwenye ya zamani anauza kwa kulipa kidogo kidogo?

Kutoka: Msee wa Cork

Niko na moja. Kioo kimepasuka kona ya juu na herufi ya E lazima uigonge na nguvu, lakini inawaka. Usinilipe, nauli ya basi tu, jamaa anakuja Limerick Jumamosi.