Oveni ya umeme, jiko la gesi lenye oveni au makaa: ipi inafaa kuoka na watoto wadogo huku Nyanda za Juu Kusini?

Mama Pacha, Uyole

Ninawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Nina pacha wa miaka 4 na mdogo wao ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na Jumamosi huwa tunaoka pamoja: pacha wanachekecha unga na kupaka trei mafuta, mdogo anacheza na vijiko sakafuni. Mpaka sasa tunatumia sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Tumejiwekea akiba kidogo ya kununua kitu bora zaidi, na ninalinganisha njia tatu, yaani oveni ya makaa ya kutengenezewa na fundi bati, oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani, na jiko la gesi lenye oveni chini yake.

Ninachokipa uzito wa kwanza ni usalama wa watoto, kisha namna keki na mkate vinavyotoka katika hali ya hewa ya kwetu, kisha gharama. Ninaomba hasa majibu ya wanaoishi huku juu, kwa sababu maelekezo mengi ninayoyasoma yameandikwa na watu wa Dar es Salaam, ambako unga wa mkate huumuka ukiachwa tu mezani, ilhali hapa Uyole mwezi wa sita unga huohuo huweza kukaa asubuhi nzima bila kujongea.

Muokaji wa Njombe

Kamwene, Mama Pacha. Kabla ya kulinganisha majiko, tuweke sawa jambo la mwinuko, maana watu wengi hulaumu jiko kwa kosa ambalo si lake. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sisi Njombe tuko juu zaidi. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo mapovu ya beking pauda hutanuka kwa nguvu kuliko pwani. Keki hupanda upesi kabla haijashikamana, kisha hubonyea katikati. Vilevile maji hapo kwenu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo unyevu hutoka mapema na keki hukauka.

Kwa hiyo, jiko lolote utakalonunua, kama maelekezo ya pwani yanasema vijiko vidogo 2 vya beking pauda kwa vikombe 2 vya unga, wewe weka kimoja na nusu. Punguza kijiko kikubwa kimoja cha sukari katika kila kikombe cha sukari, ongeza vijiko vikubwa 2 vya maziwa katika kila kikombe cha maziwa, na pandisha joto kidogo, kwa mfano kutoka nyuzi 180 hadi 190, ili keki ishikamane kabla haijapanda kupita kiasi.

Hapo ndipo tofauti ya majiko inapoonekana. Oveni ya umeme yenye kirekebisha joto inakuwezesha kuongeza nyuzi 10 na ukapata takriban nyuzi 10. Kwenye makaa unakisia kwa mkono na kwa uzoefu. Kwenye majiko mengi ya gesi ya bei nafuu kuna kitufe chenye namba lakini moto unatoka chini pekee, hivyo kitako cha keki huwahi kuungua wakati uso wake bado ni mweupe, na utalazimika kuweka trei tupu chini ya trei ya keki ili kuukinga.

Fundi Majiko, Mafinga

Ninatengeneza oveni za makaa kwa bati, hivyo nitasema ninachokijua bila kuipendelea kazi yangu. Oveni nzuri ya makaa ina kuta mbili, na katikati yake hujazwa majivu makavu yaliyoshindiliwa, ili joto libaki ndani na ukuta wa nje usiunguze mkono. Oveni ya ukuta mmoja inauzwa rahisi sana, lakini inakula mkaa mwingi, na ubavu wake wa nje unaweza kumbabua mtoto anayepita. Ukimwendea fundi, mwombe akuonyeshe unene wa ukuta na akufungulie mlango uone kama unafunga sawasawa, kwa sababu mlango uliopinda hupoteza joto lote.

Faida yake ni ukubwa. Unaweza kuoka mikate sita kwa mara moja, umeme ukikatika huhangaiki, na ikiharibika huirudisha kwangu au kwa fundi mwingine yeyote. Kwa mtu anayeoka kwa ajili ya kuuza ningeitetea bila kusita. Kwa familia inayooka keki moja Jumamosi, kuipasha moto oveni kubwa kwa ajili ya trei moja ni kupoteza mkaa, na mkaa siku hizi si kitu cha kuchezea.

Mwalimu wa Awali, Iringa

Mama Pacha, ninafundisha watoto wa umri wa pacha wako, na ningependa tuizungumzie baridi, kwa sababu ndiyo inayoleta hatari kubwa kuliko hata moto wenyewe. Kipindi cha mwezi wa sita hadi wa nane watu wengi wa Iringa, Njombe na Mbeya huingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba, hufunga milango na madirisha, na hukaa kando yake wakiota moto. Makaa yanayowaka, hata yale mekundu yasiyotoa moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hudhuru kwanza kwa kuumiza kichwa, kuleta kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mtu hulala asiamke. Watoto wadogo hudhurika upesi zaidi kwa sababu wanapumua haraka kuliko watu wazima.

Kuoka huchukua muda mrefu kuliko kupika chai. Ukiwa na sufuria ya makaa ndani ya chumba cha kupikia kilichofungwa kwa ajili ya baridi, pamoja na watoto watatu wanaosubiri keki kwa hamu, unawaweka kwenye hewa hiyo kwa saa nzima au zaidi. Kwa hiyo kwangu mimi makaa ni ya nje, au ya kibanda kilicho wazi pande mbili, na hilo halina mjadala. Huku kwetu mvua huanza mwezi wa 11 na kuendelea hadi wa 4 au wa 5, hivyo asiye na kibanda atashindwa kuoka kwa makaa karibu nusu ya mwaka.

Kuhusu gesi, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na chini ndiko anakocheza mdogo wako na vijiko vyake. Mtungi ukae nje ya ukuta, mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, na ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa. Fungua milango kwanza na uwatoe watoto nje.

Bibi wa Tukuyu

Mwanangu, ninaona wote wanaikimbia sufuria ya makaa, na mimi ningependa isemewe neno. Wajukuu zangu wote wameonja keki ya ndizi mbivu iliyotoka kwenye sufuria hiyo, na hakuna aliyeiacha. Siri yake ni kugawa moto: theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Wanaounguza kitako huweka makaa mengi chini kwa mazoea ya kupika ubwabwa. Ndani ya sufuria tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, upashe moto kabla, kisha weka trei juu ya mchanga. Usifunue mfuniko kila mara kuchungulia, kwa sababu kila ukifunua keki inashtuka na kukaa chini, na majivu yanaangukia ndani.

Mwalimu amesema kweli kuhusu moto wa ndani. Sisi jiko letu liko nje, mbali na nyumba ya kulala, na watoto hukaa upande wa pili wa uwanja wakifinyanga. Mwenye nyumba ya kupanga isiyo na uwanja asinifuate mimi.

Tena, mwanangu, ukitia asali kwenye keki au uji badala ya sukari, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, hata kidogo. Na karanga nzimanzima msiwape hawa wadogo, zisagwe.

Mama Pacha, Uyole

Shikamoo bibi, ndaga fijo kwa maelezo ya mchanga, maana mimi nilikuwa ninaweka trei moja kwa moja juu ya kitako cha sufuria. Nyumba yetu ni ya kupanga, jiko liko ndani, na uwanja tunautumia na wapangaji wengine, hivyo ninaona wazi kwamba oveni ya makaa inaanza kuondoka kwenye orodha. Sasa ninabaki na umeme na gesi. Hofu yangu juu ya umeme ni uniti za LUKU. Je, kuna anayejua kwa hesabu na si kwa kukisia?

Baba wa Watatu, Vwawa

Hesabu yake si ngumu. Tazama kibandiko nyuma ya oveni. Nyingi za mezani ni wati 1,500 hivi. Wati 1,500 zikiwaka saa nzima bila kupumzika ni uniti 1.5. Lakini oveni haiwaki mfululizo. Ikifikia joto ulilopanga hujizima, kisha hujiwasha tena. Keki ya dakika 45, ukijumlisha dakika 15 za kuipasha oveni kwanza, itakula uniti moja au pungufu kidogo ya moja na nusu. Ukioka mara moja kwa wiki, hazifiki uniti 8 kwa mwezi. La kuangalia ni kama ninyi mko kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Kama tayari mnakaribia kikomo hicho, uniti hizo chache zinaweza kuwavusha mkaanza kulipa bei kubwa zaidi.

Oveni ichomekwe kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni za bei ndogo zina waya mwembamba ambao hupata moto, na waya unaoning'inia mezani ni mwaliko kwa mtoto anayejifunza kusimama kwa kushikilia chochote anachokiona.

Muokaji wa Njombe

Ninaongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kesi hii. Oveni ya jiko la gesi iko chini, na mlango wake wa kioo uko sawasawa na uso wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kioo hicho hupata moto wa kubabua wakati keki inaiva, na mtoto huvutiwa nacho kwa sababu ndani kuna taa na keki inapanda. Oveni ya mezani unaiweka juu, nyuma kabisa ya meza, mahali ambapo pacha wanaweza kuitazama wakiwa wamesimama mbali na mdogo hawezi kuifikia. Ubavu wake nao hupata moto, lakini uko mbali na mikono yao.

Faida nyingine kwa huku kwenye baridi ni kuumua mkate. Weka bakuli la unga ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na kikombe cha maji ya moto, funga mlango, na hapo umepata joto la pwani ndani ya Uyole. Angalia unga wenyewe, usiangalie saa: ukishapata joto, kwa mwinuko wetu huumuka upesi, na ukiuacha upite mara mbili ya ukubwa wake utapata mkate wenye matundu na ladha ya uchachu.

Mwalimu wa Awali, Iringa

Ninakubaliana na Muokaji. Ila dakika 45 za kusubiri ni ndefu kwa mtoto wa miaka 4, na hapo ndipo wanaposogelea oveni. Wape kazi ya mikono kwenye meza nyingine: unga vikombe 2, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, wakande na wafinyange ng'ombe, ndizi, vikapu kama vile vya milulu vya hapa kwetu Iringa. Vianikwe juani vikauke, kisha wavipake rangi. Waelezwe mapema kwamba unga huo hauliwi, kwa sababu chumvi nyingi kiasi hicho humdhuru mtoto, na mdogo asiachwe nao peke yake. Hata unga wa keki wenyewe wasiurambe ukiwa mbichi; unga na mayai mabichi vinaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

Mama Pacha, Uyole

Nimeshaelewa, na nimezungumza na baba yao. Tutachukua oveni ya umeme ya mezani, na sufuria ya bibi itabaki kwa siku ambazo umeme umekatika na mvua hainyeshi, tukiitumia uwanjani. Limebaki swali moja. Trei yangu ni moja, kubwa na yenye kina, na nina wasiwasi kama itaingia. Je, ninunue kubwa nyingine au ndogo mbili?

Muokaji wa Njombe

Nunua ndogo mbili zisizo na kina. Katika trei yenye kina joto huchelewa kufika katikati, na kwa mwinuko wetu hapo katikati ndipo keki inapobonyea. Pia kila pacha atakuwa na yake ya kupaka mafuta na kumimina, na ugomvi utapungua. Pima upana wa ndani wa oveni kabla ya kwenda sokoni Mwanjelwa, uache nafasi ya vidole viwili kila upande ili hewa ya moto izunguke. Ukipata trei nyeusi, punguza joto kwa nyuzi 10, kwa sababu hupokea moto haraka kuliko zile zinazong'aa.